Kila Mwaka Namba Moja

Katoni ya kwanza niliyoifungua katika kazi ile ilikuwa imejaa vitabu vya namba moja. Ya pili vilevile. Nilipokata utepe wa katoni ya tatu nikakuta namba moja nyingine, nilisimama na kisu mkononi nikamwita mkuu wangu wa kazi. Niliamini kabisa kwamba waliotutumia mzigo wamekosea, na kwamba mimi, mgeni wa asubuhi ile, ndiye niliyeligundua kosa lenyewe.

Ninyi vijana wa kaunta na wa ghala mmeniomba niandike niliyoyaona kabla sijasahau majina. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, kwa kuwa cheo changu cha mwisho kilikuwa sawa na cha kwanza, ila shati lilikuwa na kola. Nitawaambia kuhusu namba moja, na kuhusu watu watatu wanne walionifanya nisirudi kuuza spea za magari.

Maana huko ndiko nilikotoka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kabla ya miaka ya elfu mbili na kumi nilikuwa kwenye spea kule Deira, Dubai. Beringi mbovu niliijua kwa kuipapasa tu. Lakini mtu mzima anayevaa chupi juu ya suruali nilikuwa sijawahi kumuuza. Duka la vitabu vya katuni lilikuwa Al Barsha, karibu na ile mall kubwa. Ghala letu lilikuwa Dubai Investments Park, nyuma ya kiwanda cha milango ya alumini, na kelele za misumeno yake zilitufanya wote tuongee kama tunagombana.

Mkuu wangu alikuwa Bi Zuwena. Alizaliwa Unguja, wazazi wake wakamleta Dubai akiwa msichana, na kwa miaka yote ile Kiunguja chake hakikupauka hata kidogo. Alivaa buibui na miwani iliyofungwa uzi, na ndiye aliyepokea kila mzigo ulioingia ghalani. Alikuja taratibu, akachungulia katoni zangu tatu.

"Hawajakosea, mwanangu. Wameanza upya."

"Wameanza upya nini?"

"Kila kitu. Mwezi uliopita walikuwa namba mia nne na ushei. Leo namba moja. Aliyeoa hajaoa, aliyezeeka kawa kijana, na aliyekufa ukimuona msalimie tu, usimuulize."

"Lakini kwa nini, Bi Zuwena?"

"Kwa sababu watu hununua namba moja. Wewe ukikuta hadithi imefika mia nne, utaanzia wapi? Utaona haya. Namba moja kila mtu anajiona kawahi."

"Na namba mbili?"

"Namba mbili huchukuliwa na wachache. Namba tano tunaijua mie na aliyeiandika."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Yaliyobaki yalikuwa ya mikono. Kitabu cha katuni hushikwa kwa chini, kwa viganja viwili, kama sahani ya biriani ya mwenye nyumba. Mkono usiwe na mafuta wala chai. Kila nakala iingie kwenye mfuko wake wa nailoni na kadibodi nyuma, maana wako wateja wanaokagua pembe za jalada kuliko babu wa bibi arusi anavyokagua posa. Na palikuwa na kalamu nene nyeusi. Bosi wetu alichelea malalamiko ya wazazi, kwa hiyo mashujaa wa kike waliokuja na mavazi pungufu walipita kwanza kwa Bi Zuwena. Yeye akawachora mikono mirefu, na wengine suruali. Palikuwa na mmoja, Bibi Zebaki, ambaye mara moja alipoanzishwa upya alikuja amevaa deraya kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu. Bi Zuwena alimtazama kwa furaha ya mama mzazi. "Alhamdulillahi, kastirika." Mwaka uliofuata wakamwanzisha tena, nguo zikapungua kuliko zamani. Bi Zuwena akavuta kalamu yake, na siku ile alichora buibui zima.

Bosi wetu tulimwita arbab. Bwana Khalfan alikuwa Mwimarati mwenye moyo mweupe na pupa nyingi, mtu aliyesoma katuni tangu utotoni na hakuwahi kupona. Wachapishaji waliujua udhaifu wake. Walimwambia akiagiza nakala nyingi za namba moja, watampa moja yenye jalada adimu, lililochorwa na mchoraji mwingine. Basi arbab aliagiza kama mtu anayeoza binti wa kwanza. Jalada adimu aliliweka nyumbani kwake. Zile nyingi alituwekea sisi.

Miaka ya mwanzo tuliweza. Wachapishaji walianza upya, tukauza. Wakapumzika miaka mitatu hivi, wakaanza tena. Kisha wakanogewa, ikawa kila mwaka. Na walipotaka kusherehekea ukongwe wao, ghafla waliikumbuka hesabu ya zamani. Mwezi huu namba kumi na moja, mwezi ujao namba mia sita, na baada ya keki na mishumaa, namba moja. Nimewahi kumweleza jambo hilo mama mmoja wa Kihindi aliyemtafutia mwanawe zawadi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akanunua jigsaw, ile picha ya kuunganisha vipande, ya twiga.

Mtu wa kuwatambulisha sasa ni Kifaru wa Anga. Ndilo jina tulilompa kwa Kiswahili. Alikuwa mtu mwenye pembe puani na ngozi ya kijivu, na alipaa bila mabawa. Katika wanyama wote wa mbugani, waliamua huyo ndiye wa kuruka. Lakini watu walimpenda. Alikuwa na mke mwenye ulimi mkali, alichelewa kodi ya nyumba, na akiokoa mji alirudi nyumbani mgongo unamuuma. Wateja wetu wengi walifanya kazi za kusimama. Mgongo wa Kifaru waliuelewa.

Mmoja wao alikuwa Wasswa, Mganda, mlinzi katika mnara mmoja wa Dubai Marina. Aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi pale pale Investments Park, ng'ambo ya barabara kutoka ghala letu, chumba kimoja na wenzake watano. Alikuwa mrefu, na akicheka, anayecheka ni mwili mzima. Kila toleo jipya la Kifaru alinunua yeye, kisha Ijumaa alasiri, siku yao ya mapumziko, aliwasomea wenzake chumbani. Hakuwa anasoma hasa. Aliinua kitabu akaonyesha picha, halafu akasimulia, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na miguno. Nilialikwa mara moja nikawa mtu wa kila wiki. Vyumba vya jirani vilikuja pia. Viatu vilijaa mlangoni kama msikitini.

Mwenzake wa karibu alikuwa Musoke, aliyeosha masufuria katika jiko la hoteli huko huko Marina. Kazi ya Musoke katika hadithi ilikuwa kumwigiza mke wa Kifaru. Alijifunga taulo kichwani, akaweka mikono kiunoni, akamkaripia Wasswa kwa kuchelewa nyumbani. Sijawahi kuona mke mwenye ndevu aliyeaminika vile.

Kisha wachapishaji wakamuua Kifaru. Walimuua vizuri, nakiri. Alizuia kimondo kisiangukie mji, akabaki chini yake, na kurasa za mwisho hazikuwa na maneno, ila mvua na watu wamevua kofia. Toleo lile lilikwisha siku moja. Wasswa alipowasimulia wenzake, Musoke akaangua kilio cha kike, akajitupa chini, na watu wakamzuia asijirushe kaburini. Mmoja akaandaa chai ya maziwa. Mwingine akasema tumlalie matanga. Tulikaa pale tukimzungumza marehemu hadi magharibi: alikuwa mtu wa watu, alikuwa hachagui wa kumwokoa, kodi ya nyumba nani atalipa sasa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipomsimulia Bi Zuwena kesho yake alicheka pia, kisha akanionya. "Chekeni, lakini msisome dua. Tukimwombea mtu wa karatasi, siku ya siku tutaulizwa."

Musoke aliugua wiki chache baadaye. Alisema kifua kinambana, wenzake wakadhani ni mvuke wa jikoni. Walimpeleka hospitali akitembea mwenyewe, na hakutoka. Mwili ulisafirishwa kwao Masaka. Wenzake waliishia kwenye lango la mizigo la uwanja wa ndege, hakuna aliyeweza kuondoka kazini akaenda kuzika. Ndugu wa marehemu walirekodi mazishi wakawatumia kwa simu. Video ilikatika jeneza likiwa bado mikononi mwa watu. Wasswa alinionyesha. Aliiweka tena, ikakatika tena pale pale, naye akaitia simu mfukoni.

Mwezi ule ule tukapokea mzigo. Mimi nilikata utepe. Kifaru wa Anga, namba moja, anapaa kutoka kwenye moshi, na maneno makubwa juu: AMERUDI. Arbab alikuwa ameagiza kuliko wakati wowote. Katoni zilipangwa mpaka zikaziba feni.

Wasswa alikuja dukani Al Barsha na sare yake ya ulinzi. Siku hiyo nilikuwa nimewekwa kwenye kaunta. Nilimuona akiitazama picha kubwa dirishani, kisha akaingia.

"Mzee Swaleh, leo mimi sinunui. Nimekuja kuuliza."

"Uliza, ndugu yangu."

"Huyu mtu tulimzika."

"Ndiyo."

"Nyinyi munasema amerudi. Amerudi kutoka wapi?"

Nilikuwa nimekisoma kitabu, kwa hiyo nilijua, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Nikamweleza kwamba aliyekufa hakuwa Kifaru mwenyewe, alikuwa pacha wake kutoka ulimwengu mwingine.

Wasswa aliegemea kaunta kwa mikono yote miwili. "Mzee, mimi ni Wasswa. Unajua hilo jina? Kwetu ni jina la pacha. Pacha yangu Kato yuko nyumbani analima. Musinidanganye mimi mambo ya pacha."

Mteja mmoja alicheka. Wasswa hakucheka. Sauti yake ikashuka. "Musoke alimlilia huyu mtu. Musoke hayuko. Yeye nani ataandika namba moja yake?"

Nilisogeza kalamu, nikaisogeza tena ilipokuwa. Bi Zuwena alikuwa nyuma akihesabu mifuko ya nailoni siku ile. Akatoka na chupa yake ya kahawa na kikombe, akamwonyesha Wasswa katoni pembeni.

"Kaa, mwanangu."

Akakaa juu ya namba moja nyingi tu. Bi Zuwena akammiminia kahawa, akaketi kwenye katoni nyingine mbele yake.

"Huyo Musoke ana mke?"

"Yuko naye. Na watoto wawili wa kike."

"Wako vipi?"

"Wako. Mama anauza nguo za mitumba. Jumapili alinitumia sauti, ananiuliza mimi nakula vizuri." Alicheka kidogo, kisha akafuta uso kwa kofia. "Mama, mimi ningeandika hiki kitabu, ningemwacha huko chini. Halafu ningesema habari za wale walibaki."

"Basi sema. Nani kakuzuia? Wao wamechapisha yao, nawe sema yako."

Ijumaa ile Wasswa alisimama chumbani bila kitabu mkononi. Alisema Kifaru kafa, na aliyekuja na pembe ile ni tapeli, asitajwe hapa. Asubuhi baada ya maziko, mke wa Kifaru aliamka akakuta viatu vya mumewe mlangoni, vikubwa, hakuna mtu mji mzima anayevitosha. Na moto ukazuka sokoni. Watu wakatazama juu, kama walivyozoea, na juu hakukuwa na kitu. Wakasimama hivyo, shingo zimeinuka. Yule mke akatoka na ndoo, akawatukana wote kwa majina, ndipo wakaanza kukimbilia maji.

Chumba kililipuka kwa kicheko. Mmoja alipiga kelele, "Huyo ni Musoke kabisa!" Na kwa mara ya kwanza tangu safari ya uwanja wa ndege, walilitaja jina lake wakicheka.

Sasa turudi dukani, kwa sababu huko mambo yaliharibika. AMERUDI haikuuzika kama arbab alivyoota. Watu walikuwa wamechoka kuzaliwa upya. Kabla hatujamaliza hata robo, wachapishaji wakatangaza kwamba mwaka ujao wanaanza upya. Namba moja yetu, changa kama kuku wa jana, ikawa mzee. Arbab alikuja ghalani mwenyewe, na kandura, ile kanzu yao nyeupe, akasimama mbele ya ukuta wa katoni.

"Khalas," akasema. "Nafunga."

Ninyi mnaoishi huko mnajua neno hilo lina maana gani. Duka likifungwa, viza inafuata, na viza ikiisha, unapanga sanduku. Mimi nilikuwa na watoto shuleni Mombasa. Bi Zuwena hakuwa na shida ya viza, lakini rangi ilimtoka usoni. Ghala lile alikuwa amelisimamia tangu siku ya kwanza.

Mimi ndiye niliyemwambia arbab habari za Ijumaa. Nilimwambia kuna mtu ng'ambo ya barabara anajaza chumba hadi watu wanakaa kwenye ngazi, na wote wanaulizana Kifaru alianza vipi, mkewe alimpata wapi. Tunavyo vitabu hivyo, vya zamani, vimelala nyuma ya hivi vipya. Mtu huyo aje asimulie dukani. Arbab alinitazama kama nimemwambia auze ngamia kwa kilo. Kisha akasema yalla, mlete.

Wasswa alikubali kwa sharti moja. "Nitasimulia. Lakini siku hiyo AMERUDI isiwe hapo. Hata moja. Muitoe dirishani."

Arbab aliruka. "Nina ghala zima la AMERUDI! Hiyo ndiyo nataka kuuza!"

"Basi, sir, mimi niende kazini. Leo niko na zamu."

"Habibi, subiri. Nusu ya dirisha."

"Hapana, sir."

"Nakala chache tu, pale nyuma, kwa chini."

"Sir, wewe ulizika mtu kwenu?"

Arbab alikuwa amemzika baba yake mwaka uliotangulia. Sisi tulijua, Wasswa hakujua. Bwana Khalfan aligeukia dirisha, akarekebisha agal, ile kamba nyeusi ya kichwani, ambayo haikuwa imekaa vibaya. Kisha akang'oa lile bango kubwa kwa mkono wake mwenyewe. Gundi ilikuwa kali, nusu ya AMERUDI ikabaki kwenye kioo, na Bi Zuwena akaikwangua kwa kisu cha katoni.

Ijumaa hiyo walikuja walinzi wa Marina, wapishi, mayaya wa Kiganda na madam mmoja aliyemfuata yaya wake kwa udadisi, vijana wa Kiarabu wenye mikoba ya shule, na Wakenya wawili walioingia wakidhani kuna ofa. Wasswa alipanda juu ya katoni akasimulia tangu Kifaru anaota pembe. Alipofika kwenye harusi, alimwita Bi Zuwena aigize mke. Bi Zuwena alikataa kwa heshima zote. Alipoona kijana aliyejitolea anamwigiza vibaya, akasema kutoka alipoketi, "Mpumbavu wewe, mke hasemi hivyo," na kuanzia hapo mke alikuwa yeye hadi mwisho, bila kuinuka kwenye kiti. Watu walinunua vitabu vya zamani ambavyo tulikuwa tumevifuta vumbi asubuhi. Walitaka kujua nani alikuwa mtu yule aliyekufa. Hilo ndilo jambo wachapishaji hawakuwahi kulifikiria.

Hatukutajirika. Duka halikufungwa mwaka ule, wala uliofuata. Ijumaa za Wasswa ziliendelea, mwezi dukani, mwezi chumbani. Arbab aliacha kuagiza kwa pupa, isipokuwa alipojisahau. AMERUDI iliyobaki tuliitumia kufungia mizigo dhaifu na kunyanyua meza iliyopinda. Bi Zuwena alipostaafu kabla yangu, aliniachia chupa yake ya kahawa, na kalamu nyeusi aliondoka nayo. Sijui anamvisha nani sasa.

Wiki yangu ya mwisho wachapishaji walianza upya tena. Nilizipanga namba moja dirishani, zikapendeza, nikawauzia waliotaka. Ijumaa nikavuka barabara kwenda kuwaaga. Chumba kilikuwa kimejaa. Wasswa alikuwa ameanza kuota mvi, na mji wake usio na Kifaru ulikuwa umeshafika mbali: una kikosi cha zimamoto, una ugomvi wa uchaguzi, na yule mjane amefungua kibanda cha chakula ambapo hakuna anayekopeshwa. Siku ile wenye fedha walikuwa wametuma watu kukibomoa.

Mlangoni alikaa mgeni, kijana wa Kinepali aliyeletwa kazini majuzi, akitafsiriwa na jirani yake kwa Kiingereza. Aliinua mkono. Aliuliza, huyu Kifaru atarudi lini kuwapiga hao wabomoaji?

"Hatarudi," Wasswa akamwambia. "Amekufa."

Kijana aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Akasema hadithi gani hii, akainuka, akaenda kwenye lundo la viatu, akavaa kandambili moja. Ya pili alikuwa bado ameishika. Akasimama pale, mguu mmoja peku sakafuni, kisha akageuka.

"Na huyo mama," akauliza, "alifanya nini?"